Kafuri Juu ya Uchaga wa Chumvi

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo bila haya, na yeyote anayenijua kuanzia Kanoni mpaka mpakani ataniunga mkono. Lori langu la kwanza lilibingirika bondeni na kahawa ya watu juu yake. Nikatoka dirishani, nikawasha sigara, nikaanza kuulizia magunia yaliyopona. Nimewaona waliosoma mpaka macho yakawaharibika wakija kwangu kuomba nauli. Shule yangu mimi ni darasa la pili, tena la pili lenyewe sikulimaliza, na leo nyumba yangu ina bati, ina sakafu ya saruji, ina saa ya ukutani inayogonga. Mtu kama huyo umshangaze na nini?

Lakini juzi mke wangu alikuwa anatoa nguo kuukuu sandukuni, awape vibarua wetu wa kahawa. Akalitoa koti langu la zamani, lile zito la kahawia nililolinunua mara tu nilipopata lori. Akalikung'uta. Mimi nimeketi barazani na chai yangu, na kabla sijaliona koti, harufu ikanifikia. Harufu baridi, kali, safi, inayopanda puani kama maji ya chemchemi ukiyanywa kwa pupa.

"Mama Rehema, hilo usilitoe."

"Koti limechanika makwapa yote mawili, Baba Rehema. Lina nini hata ulililie?"

"Lina bibi yangu."

Akanitazama kama anayetazama mtu aliyeanza homa. Akaniwekea koti magotini, akarudi ndani. Nami nikalishika vile, nikarudi Rugu, kijijini kwetu, kwenye jiko la bibi yangu, miaka ambayo nilikuwa mdogo kiasi cha kupita chini ya matawi ya mbuni bila kuinama.

Bibi huyu alimzaa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Watu wote wakimwita Ma Zuhura. Kazi yake ilikuwa chumvi. Ninyi mliozaliwa zama zangu mnaikumbuka chumvi ile, iliyotoka ng'ambo, ya kijivu, yenye mabonge, iliyofungwa katika maganda makavu ya mgomba kama mtoto anavyofungwa nepi. Bibi aliinunua kwa wachukuzi, akaigawa katika vifurushi vidogo, akaiuza kwa maharage, kwa kahawa, kwa samli. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alikuwa na maarifa yake, na maarifa hayo yalikaa juu ya moto. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga wa miti, mweusi kwa masizi, na vifurushi vya chumvi vilipangwa hapo, moshi uvipite mchana kutwa. Chumvi adui yake ni unyevu. Ikae penye joto, itakaa mpaka wajukuu wa wajukuu. "Chumvi ya Ma Zuhura hailii machozi," watu walisema, na ilikuwa kweli. Hata mvua za masika zikishuka wiki nzima, chumvi yake ilikuwa kavu kama changarawe. Mimi ujanja wangu wa biashara mnaousifu nimeurithi pale, chini ya uchaga ule.

Jina la Zuhura alilipata kwa mume wake wa pili, mfanyabiashara aliyefika na msafara, mtu wa asili ya pwani, akaonja rubisi, pombe ya ndizi ya kwetu, mara moja tu, akaitema, lakini mwanamke akampenda moja kwa moja. Bibi alisilimu kwa ajili yake. Mimi huyo babu sikumkuta. Nililikuta kaburi lake tu, nyuma ya migomba, na bibi akilipalilia kuliko alivyopalilia maharage. Alikuwa amemwahidi kwamba atalala kando yake, ameoshwa na kukafiniwa kama yeye alivyooshwa na kukafiniwa.

Ndugu zake hawakulipenda jambo hilo. Kaka yake mkubwa, Ta Rwehabura wa Kiruruma, mzee mrefu mwenye sauti ya ngoma, alitaka siku ikifika dada yake arudishwe Kiruruma, azungushiwe nguo ya gome la mti kama mama yao, azikwe kwa mama yao. Waliligombania neno hilo mpaka siku moja, mbele ya wazee wa pande zote, Ta Rwehabura akatoa hukumu yake.

"Haya. Wewe unataka mazishi ya kigeni. Vitu vyake viwepo ndani ya nyumba, mimi nivione kwa macho. Siku yako ikifika nikakuta hata kimoja hakipo, nakubeba Kiruruma, na hakuna atakayenizuia."

"Vitakuwepo," bibi akasema.

"Vyote?"

"Vyote, waitu, kaka yangu. Na wewe utashika jembe la kunichimbia."

Bafta nyeupe ya sanda alikuwa nayo tayari. Iliyobaki ilikuwa kafuri, ile ya kumpaka maiti.

Tulikwenda naye Kanoni, kwenye duka la Mzee Masudi. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, lakini kwangu ulikuwa mji mzima. Mzee Masudi alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye kofia iliyofumwa na mkewe, Bi Mwanaidi. Huyu mkewe ndiye aliyekuwa akiwaosha maiti wa kike wa Kiislamu wa pande zetu zote. Nilimwamkia shikamoo kutoka mbali, maana mikono yake niliiogopa.

Mzee Masudi akatoa kopo, akalifungua, na ndipo harufu ile ikanipiga usoni mara ya kwanza. Ndani mlikuwa na vipande vyeupe, vinapitisha mwanga kidogo, laini kiasi kwamba ukucha unaacha alama. Bibi akachukua viwili vikubwa kwa chumvi na samli.

"Sasa, Ma Zuhura," Mzee Masudi akaanza, "hii kafuri namna ya kuiweka..."

"Utanifundisha mimi kuweka kitu?"

"Sikufundishi, mama. Nakueleza tu kwamba..."

"Masudi. Ulikuja hapa ukakuta nauza chumvi. Umewahi kununua kwangu chumvi iliyolowa?"

"Hapana, mama."

"Basi nifungie."

Bi Mwanaidi alicheka kule nyuma ya pazia. Mzee Masudi akafunga.

Bibi kwake kila kitu cheupe chenye chembe, kinachouzwa kwa kipimo, kilikuwa ndugu wa chumvi. Tulipofika nyumbani akaizungushia maganda ya mgomba, akakaza kwa kamba, akapanda kigoda na kuiweka juu ya uchaga, mahali pa heshima, palipo na joto kuliko kote. Ta Rwehabura akaja, akaiona, akainusa, akapiga chafya, akaondoka.

Nami nikauliza, "Bibi, mle ndani mna nini?"

"Kitu cha siku ya kufa kwangu, mwana wange."

Sasa hebu mpe mtoto maneno kama hayo uone atayafanya nini. Mimi nilielewa kwamba mle ndani ndimo kilimokaa kifo cha bibi. Kimenunuliwa Kanoni, kimefungwa kamba, kinangoja. Nikala chakula changu siku za kwanza nikiwa nimekipa mgongo. Kilitoa harufu. Ndizi zetu zilinuka kifo, maharage yalinuka kifo, hata nywele za bibi akiniinamia zilikuwa na ubaridi ule. Jirani alikuja kuomba moto akauliza, "Humu mmempaka nani dawa?" Mimi peke yangu nilijua.

Lakini nilikuwa mtoto mwerevu, sifichi. Siku moja bibi akiwa shambani nilipanda kigoda, nikakigusa kile kifurushi kwa kidole, kisha nikakiinua. Kilikuwa chepesi kuliko siku aliyokipandisha. Nikangoja siku nyingi, nikapanda tena. Kimepungua tena! Kamba iliyokuwa imekaza sasa ilikuwa imelegea kama mkanda wa mtu aliyekonda. Hakuna tundu la panya, hakuna unga uliomwagika, chini hakuna kitu. Moyo wangu uliruka. Kifo cha bibi kilikuwa kinakonda! Na harufu nayo ikaanza kufifia jikoni, ndizi zikarudia ladha yake, nikajua kazi inakaribia kwisha. Kitakapomalizika, bibi hatakufa kamwe. Sikumwambia mtu, nisije nikakitisha kikarudi. Nikawa naongeza kuni motoni bila kuagizwa, na bibi akinisifu kwa watu: "Mjukuu wangu huyu hajui uvivu."

Halafu bibi akaugua. Ilikuwa majira ya senene, watu wote wako nje wanakamata, na yeye amelala ndani, homa inamtikisa mpaka kitanda kinalia. Ta Rwehabura aliletwa kutoka Kiruruma. Aliingia, akamtazama dada yake kwa muda, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Zuhura, nikavione vitu vyako?"

"Kavione."

Mama yangu mdogo akaileta bafta. Kisha akapanda kigoda, akashusha kifurushi, na nikauona uso wake ukibadilika kabla hajafika chini. Akakata kamba. Maganda yakafunguka moja baada ya jingine. Ndani ya ganda la mwisho hamkuwa na kitu. Hata vumbi. Harufu kidogo tu, kama mtu aliyepita njiani asubuhi.

"Panya," mmoja akasema.

"Panya gani anakula kafuri? Panya wa Rugu wamesilimu?"

Hakuna aliyecheka. Ta Rwehabura akatazama chini, akasema, "Maneno yetu mliyasikia wote." Bibi akafumba macho. Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, mwanamke yule aliyezika waume wawili.

Nami sikuweza kuvumilia. Analia nini wakati wa sherehe? Nikajipenyeza hadi kitandani, nikamshika mkono.

"Bibi, usilie! Kimekwisha! Nimekiangalia tangu zamani, kilikuwa kinapungua, kinapungua, sasa kimekwisha chote. Hufi tena!"

Kitanda kikaanza kutikisika, nikadhani ni homa, kumbe ni kicheko. Bibi alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akaketi, akaomba maji. "Mmesikia?" akasema. "Kifo changu kimekwisha. Ta Rwehabura, rudi kwenu ukale senene." Na jasho likamtoka lile la homa kukatika. Daktari hakuwepo, mimi ndiye niliyemponya, na hilo nitalidai mpaka kesho.

Alipopata nguvu alimwita Mzee Masudi, na akataka kaka yake awepo. Hakumwita kwa hasira. Alimketisha kwenye kiti, akasema, "Ile siku nilikukata maneno. Leo yamalizie."

Wallahi, watu wachache nimewahi kuwatazama nilivyomtazama Mzee Masudi siku ile. Hakujisifu, hakutucheka. Aliomba kaa la moto katika kigae. Akatia chembe za chumvi ya bibi. Zikalia pa, pa, zikarukaruka, lakini zilibaki palepale, nyeupe, kama zilivyokuwa. Akatia chembe ya kafuri aliyokuja nayo. Ikafanya kama inatoka jasho, ikatoa moshi mweupe, ikashika moto wenye masizi, ikaondoka. Kigae kilibaki kitupu, majivu hata ya kujaza ukucha hayakuwepo.

"Maji," akasema.

Akatia chumvi katika maji, ikazama, ikapotea. "Onja." Bibi akaonja, akaitikia kwa kichwa: imo. "Hii imepotea lakini haijaondoka. Kausha maji, utaikuta. Sasa nipeni bakuli jingine." Akadondosha chembe ya kafuri. Ikaelea, ikakaa kimya. Mzee Masudi akainama, akanusa bakuli. "Hili liliwekwa samli. Leteni jipya, lisuguliwe kwa majivu."

Likaja lililosuguliwa. Akakwangua chembe ndogo kwa ukucha, akaiacha ianguke juu ya maji.

Ikakimbia.

Naapa, ilikimbia. Ilizunguka juu ya maji kama mdudu aliyekanyaga moto, ikajipinda, ikaenda ukingoni, ikarudi. Akaongeza nyingine, na nyingine, zikawa zinafukuzana kama watoto uwanjani, hakuna aliyepuliza, hakuna aliyegusa. Ta Rwehabura alisogeza kiti nyuma. Mimi nilisogea mbele, nikanyosha kidole nikamate moja. Nilikuwa nimetoka kula senene wa kukaanga, mkono wote mafuta. Kidole kilipogusa tu maji, zote zikasimama papo hapo, kwa pamoja.

"Nimeziua!" nikalia.

"Hujaziua, baba," Mzee Masudi akasema. "Umezitilia mafuta njiani. Hazikuwa hai, basi hazijafa."

Bibi hakuondoa macho kwenye bakuli. "Ilikwenda wapi ile yangu? Ilivunjika? Ilioza?"

"Haikuvunjika. Sikiliza, mama. Chumvi yako ni kama ukuta wa mawe uliojengwa vizuri, kila jiwe limekamatwa na jenzake pande zote. Moto wa jiko haubomoi ukuta ule. Kafuri ni kama watu waliojaa gulioni. Ukiwatazama kwa mbali wamesongamana, utadhani ni kitu kimoja. Lakini hakuna aliyemshika mwenziwe mkono kwa nguvu. Joto likiwapata kidogo, anaondoka mmoja, anaondoka mwingine, kila mtu yu mzima, na mzigo wake kichwani, hakuna aliyeumia. Jioni gulio ni tupu. Wewe uliwapa joto kutwa, na maganda ya mgomba ni ua lenye mianya. Wakatoka. Harufu mliyokuwa mkiisikia ndiyo wao wanapita."

Mwanamke aliyekata maneno ya watu maisha yake yote akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Basi chumvi ni mke wa nyumbani," akasema, "na hii ni mwanamume wa msafara."

"Ndiyo hivyo."

"Na mwanamume wa msafara anawekwaje?"

"Chupa, mama. Kizibo kigumu, nta juu ya kizibo. Mbali na moto, penye baridi. Na sisi kwetu tunatia na pilipili manga. Wazee wanasema inamshikilia asiondoke."

"Inamshikilia kweli?"

"Wazee wanasema," akarudia, akacheka. "Lakini kizibo nakiamini zaidi."

Ta Rwehabura akasimama. Nilidhani ataondoka. Akatoa mfukoni sarafu, akaziweka mbele ya Mzee Masudi. "Mpe nyingine. Sikutaka dada yangu ashindwe na moshi." Huyo naye alikuwa mtu.

Basi chupa ikawekwa chini kabisa ya sanduku, na bibi akaishi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaniona nikiacha shule, akaniona nikibeba kahawa kichwani, kisha kwa baiskeli, kisha kwa lori lenye jina langu mlangoni. Kila mwaka, pakikaribia masika, alikagua nta ya kizibo kama mtu anayekagua paa. Na kila nilipomwambia, "Bibi, mimi tajiri sasa, siku yako nitakuletea kafuri ya kujaza chumba," alijibu, "Yangu ninayo."

Habari ilinikuta Bukoba. Dereva mwenzangu alinisimamisha sokoni akasema Ma Zuhura hali yake si nzuri. Niliacha kahawa ghalani bila kuipima. Nikaingia duka la kwanza lililokuwa mbele yangu, nikaomba kafuri, kipande kikubwa kuliko vyote. Mimi, mtu ninayepatana hata bei ya kiberiti, nililipa nilichotajiwa. Mwenye duka akaikunja katika karatasi, nikaitia mfuko wa ndani wa koti, nikaendesha lile lori katika mavumbi yale kama ninafukuzwa.

Nilifika watu wamejaa uani. Nikajua. Bi Mwanaidi, mzee sasa, anatembelea fimbo, alitoka ndani mikono yake ikiwa imelowa, na mara hiyo sikuiogopa. Nikamnyoshea karatasi yangu.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi. Chukua, hii ni ya Bukoba. Nimeleta nyingi."

"Marahaba, baba. Weka tu." Akanionyesha chupa. Ilikuwa imepungua kile walichotumia tu. Juu yake pilipili manga zimekaa nyeusi kama macho ya ndege. "Nta nimeibandua mwenyewe. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Ya kwake imemtosha, na imebaki."

Nyuma ya migomba Ta Rwehabura, kiuno kimepinda, alikuwa ameshika jembe. Vijana walitaka kumpokea, akawafukuza. Nilirudisha karatasi mfukoni, nikavua koti, nikaenda kumsaidia. Tulimlaza bibi kando ya mume wake wa msafara.

Hiyo ndiyo karatasi niliyoikuta juzi barazani, ndani ya mfuko wa koti. Sikuwahi kuitoa. Mikunjo ya yule mwenye duka ilikuwa vilevile, hakuna tundu, hakuna mchaniko. Na mimi ndiye mtu aliyeona bakuli lile kwa macho yangu, nikaelezwa ukuta na gulio, nikaona chupa na nta. Nikaifungua taratibu, mkunjo baada ya mkunjo, hadi wa mwisho.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Kuna nini humo?"

"Kimekwisha," nikasema, na nikasikia sauti yangu imekuwa nyembamba, yenye furaha kidogo, sauti ya mtoto juu ya kigoda. Nililaza karatasi ile tupu juu ya goti langu, nikainyosha kwa kiganja, nikainusa mara moja zaidi. Ilikuwa imenigharimu shilingi sita na senti themanini.